Oda ya mauzo, bili na mzigo kwenye uzi mmoja: mwongozo kamili kwa waagizaji na wauzaji wa Uganda

Pampu ya maji ya dola 150, dola ikiwa shilingi 3,700, inaingia kwenye vitabu kwa shilingi 555,000. Ukiiuza Kampala kwa 720,000 kabla ya VAT, programu ya hesabu itakuonyesha faida ya 165,000. Lakini nauli ya meli, ushuru, lori la kutoka Mombasa na ada ya wakala wa forodha zikishagawanywa, pampu hiyohiyo imekugharimu 740,000. Umeuza kwa hasara ya 20,000. Programu haikudanganya. Iliambiwa kwamba lori ni "gharama za usafiri" na ushuru ni "kodi", ikaviweka huko, mbali na pampu.

Dawa yake ni kuunganisha oda ya mteja, oda ya manunuzi, mzigo, mapokezi ya stoo, bili zote na ankara ya mwisho, mstari kwa mstari. Odoo, ERPNext, TallyPrime na Zoho Books kila moja ina namna yake ya kufanya hivyo, na majina ya vitufe hutofautiana. Mtiririko ni uleule.

Kabla ya oda ya kwanza

Fungua akaunti hizi kwenye leja kama hazipo:

- Bidhaa stoo
- Bidhaa njiani
- Bidhaa zilizopokelewa bila bili
- Gharama za mzigo zinazosubiri kugawanywa
- Malipo ya awali kwa wasambazaji
- Amana za kontena
- Kodi ya zuio (kodi ya mapato iliyokatwa mapema) tunayodai URA, mamlaka ya mapato ya Uganda
- Faida na hasara ya fedha za kigeni

Akaunti ya tatu na ya nne ni za mpito: pesa inapita, haikai. Salio lake likigoma kushuka, kuna hati haijafika au imeingizwa mahali pasipo pake. Kwenye ERPNext utaikuta ya tatu tayari, kwa jina la "Stock Received But Not Billed". Usiifute kwa sababu huielewi.

Kisha vipimo. Msambazaji anauza kwa katoni ya pampu 4, wewe unauza moja moja. Weka kwenye kadi ya bidhaa kwamba katoni 1 ni vipande 4, nunua kwa katoni, uza kwa kipande. Usipoweka, katoni 50 zitaingia stoo kama pampu 50 za shilingi 2,220,000 kila moja, na zikishauzwa 50 programu itasema stoo ni tupu huku pampu 150 zimepangwa ukutani. Kosa hili ni la dakika moja kulizuia na la wiki nzima kulirekebisha.

Msimbo wa bidhaa kwenye programu yako uwe uleule uliosajiliwa EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, pamoja na kipimo chake. EFRIS ina daftari lake la bidhaa na idadi. Kama idadi haijaingizwa kule, ankara itakataliwa hata kama stoo yako imejaa. Na kila mteja mwenye biashara aandikwe na TIN (namba ya mlipakodi) yake tangu siku ya kwanza, si siku ya kutoa ankara, dereva akiwa ameshawasha gari.

Oda ya mauzo

Mteja wa Mbarara anataka pampu 60, wa Gulu anataka 25. Fungua oda mbili. Kwenye kila mstari andika msimbo, idadi, bei, kama bei ina VAT ndani au la, tarehe uliyoahidi, na nani analipa nauli ya kufikisha mzigo. Hilo la nauli watu hulipita, halafu ndilo linaloleta ugomvi siku ya malipo.

Oda ya mauzo haigusi leja. Kazi yake ni kutenga bidhaa na kuwa mzizi wa hati zinazofuata. Lakini mteja akilipa amana mambo yanabadilika: kwa sheria ya VAT ya Uganda, mauzo huhesabiwa kuwa yametokea pale kinapotangulia kimojawapo kati ya kukabidhi bidhaa, kupokea malipo yote au sehemu yake, na kutoa ankara. Amana ya nusu bei ina VAT yake ya mwezi huo. Iingize kama malipo ya awali yaliyofungwa kwenye oda ile, na toa ankara ya EFRIS ya kiasi kilicholipwa. Ukiiacha ikielea kwenye akaunti ya mteja, itakuja kuliwa na ankara nyingine isiyohusika.

Oda ya manunuzi izaliwe na oda ya mauzo

Usiandike LPO, yaani oda ya manunuzi, upya kutoka kichwani. Ndani ya oda ya mauzo, tumia amri ya kuzalisha oda ya manunuzi, ili kila mstari wa LPO ubebe namba ya mstari wa oda uliouzaa. Kwa mfano wetu LPO ni ya pampu 200: 60 za Mbarara, 25 za Gulu, 115 za kujaza stoo. Iwe na mistari mitatu, si mmoja. Mstari mmoja wa 200 unaonekana nadhifu, lakini mzigo ukifika nusu hutajua wa nani umefika.

Kuna njia tatu na kila mstari wa oda uchague moja: kutoka stoo, kununua kwa ajili ya mteja huyo na kupitia stoo, au msambazaji apeleke moja kwa moja kwa mteja. Njia ya tatu ni ya saruji inayotoka kiwandani Tororo kwenda saiti Lira bila kugusa Kampala. Hapo stoo yako haiingizi wala haitoi kitu, kwa hiyo ushahidi pekee ni delivari noti yenye sahihi ya aliyepokea saiti. Weka sharti kwamba bili ya msambazaji haithibitishwi bila picha ya noti hiyo kuambatishwa, la sivyo utalipia mifuko ambayo mteja atasema hakuiona.

Mzigo wenyewe

Fungua rekodi ya mzigo, ama kwa moduli yake ama kwa uga wa kumbukumbu unaorudiwa kwenye hati zote. Iwe na namba ya hati ya shehena ya meli, namba ya kontena, masharti ya bei, tarehe ya kupakia, na LPO zilizomo. Namba ya kontena ndiyo utakayoiona kwenye bili ya kila mtu, kuanzia kampuni ya meli hadi mwenye lori, hivyo ifanye iwe neno la kutafutia.

Kama umenunua kwa FOB (bei inayoishia mzigo ukipakiwa melini), mzigo ni wako tangu unapopakiwa melini. Unafunga mwaka wa hesabu huku kontena liko baharini? Hiyo ni mali yako na deni lako. Njia safi ni kufungua stoo ya kubuni iitwayo "Njiani", isiyoruhusiwa kuuza, upokee humo siku ya kupakia, kisha uhamishe kwenda stoo ya Kampala siku ya kushusha.

Chini ya eneo moja la forodha la Afrika Mashariki, kodi za Uganda hulipwa mzigo ukiwa bado Mombasa, kisha lori hutoka bandarini na muhuri wa kielektroniki kuelekea Malaba au Busia. Kwa mhasibu maana yake ni moja: pesa ya ushuru hutangulia mzigo. Ilipwe dhidi ya rekodi ya mzigo, kwenye akaunti ya gharama zinazosubiri kugawanywa, hata kama stoo haijaona katoni moja.

Kupokea stoo

Karani wa stoo ahesabu, ndipo aandike. Asipewe karatasi yenye idadi iliyokwisha kuchapwa, kwa kuwa ataitia tiki tu. Mpe orodha ya bidhaa bila idadi. Ikifika 197 badala ya 200, aandike 197. Zile tatu zibaki "Njiani" hadi ijulikane kama zilipungua kiwandani, ambapo dai ni kwa msambazaji, au zilivunjika safarini, ambapo dai ni kwa bima. Asiyetumia stoo ya Njiani ataziona kwingine: bili ya 200 ikilinganishwa na mapokezi ya 197 itaacha 1,665,000 kwenye bidhaa zilizopokelewa bila bili. Usilifute hilo salio kwa ingizo la mkono kwenye leja (journal). Ndilo dai lako.

Kwenye TallyPrime, uzi kati ya mapokezi na bili ni "Tracking No.". Andika namba ileile kwenye hati zote mbili. Ukiacha neno "Not Applicable" kwenye bili, bidhaa zitaingia stoo mara mbili.

Bili ya msambazaji

Bili itolewe kutoka kwenye LPO au mapokezi, isianzishwe kama bili mpya. Programu ilinganishe vitu vitatu: ulichoagiza, kilichofika, unachodaiwa. Weka kiwango cha kuvumilia tofauti ya bei, kidogo sana, na tofauti ya idadi iwe sifuri. Namba ya ankara ya msambazaji iwe ya lazima na isirudiwe kwa msambazaji mmoja. Bili hulipwa mara mbili kwa njia rahisi kabisa: picha inakuja WhatsApp Jumatatu inaingizwa, karatasi inakuja na dereva Ijumaa inaingizwa tena.

Dola nazo zina kanuni zake. Ukilipa asilimia 30 mapema, sehemu hiyo ya gharama hubaki kwenye kiwango cha siku uliyolipa. Asilimia 70 iliyobaki hutumia kiwango cha siku mzigo ulipokuwa wako. Siku ya kumalizia deni, tofauti huenda kwenye faida na hasara ya fedha za kigeni, haiendi kwenye bei ya pampu. Na kiwango cha forodha ni cha URA kwa ajili ya kukokotoa kodi. Shilingi zilizo kwenye tamko la forodha hazitalingana na za bili yako, na hazitakiwi kulingana.

Gharama za kufikisha mzigo: hapa ndipo pesa ilipo

Tuseme pampu zote 200 zimefika salama. Ili hesabu isiwe ndefu, kiwango cha dola ni kimoja, 3,700, na ushuru na tozo zisizorudishwa ni jumla ya 14,000,000. Kiwango chako halisi kitategemea msimbo wa HS (namba ya forodha) wa bidhaa.

- Pampu 200 kwa dola 150: 111,000,000
- Meli na bima, dola 3,000: 11,100,000
- Ushuru na tozo za forodha: 14,000,000
- Lori Mombasa hadi Kampala: 9,250,000
- Ada za bandari na za wakala: 2,650,000

Jumla ni 148,000,000, sawa na 740,000 kwa pampu. Kila bili kati ya hizo za ziada iingizwe kwa msambazaji wake, ikipelekwa kwenye gharama zinazosubiri kugawanywa na kubeba namba ya kontena. Kisha fungua kigawanyo, kwenye Odoo "Landed Costs", kwenye ERPNext "Landed Cost Voucher", chagua mapokezi, chagua bili, thibitisha. Kwa Odoo, kundi la bidhaa lazima litumie wastani au FIFO (kilichoingia kwanza hutoka kwanza). Likiwa kwenye gharama ya kudumu, kigawanyo hakitabadilisha kitu. Programu yako ikiwa haina chombo hicho, gawanya kwenye lahajedwali na uingize rekebisho la thamani ya stoo, ukiambatisha lahajedwali yenyewe.

Kinachoachwa nje ni muhimu kama kinachoingia. VAT ya forodha si gharama kama umesajiliwa na tamko lina TIN yako, maana utaidai. Lakini wafanyabiashara wengi wa Kikuubo huchangia kontena, na mzigo husafishwa kwa TIN ya mwenye kontena. Hapo VAT ile huwezi kuidai, kwa hiyo kwako ni gharama kamili na lazima igawanywe kwenye bidhaa. Anayeshindana nawe kwa bei huku akiidai ana nafasi ambayo wewe huna, na ni bora ulijue hilo kabla ya kupanga bei. Kodi ya zuio ya asilimia 6 inayokatwa forodhani kwa asiye na msamaha ni malipo ya mapema ya kodi ya mapato. Peleka kwenye kodi ya zuio tunayodai. Amana ya kontena ni mali yako hadi kontena litakaporudi. Na faini ya kuchelewesha kontena isiingie kwenye pampu hata kidogo: iende moja kwa moja kwenye matumizi, ili mwenye biashara aione na kuuliza.

Bili ya wakala wa forodha isome mstari kwa mstari. Ndani yake kuna ada yake mwenyewe, yenye VAT na inayohitaji ankara ya EFRIS ili uidai, na kuna pesa alizokulipia kwa wengine, ambazo zinahitaji risiti za hao wengine. Wakala anayeandika "gharama za usafishaji" mstari mmoja, milioni kadhaa, arudishiwe bili yake.

Vigezo vya kugawanya visiwe kimoja kwa kila kitu. Ushuru fuata thamani, lori fuata ujazo au uzito. Angalia tofauti: tuseme kontena jingine la futi 20 lina pampu za milioni 111 zenye ujazo wa mita 8 za ujazo, na mabomba ya PVC ya milioni 20 yenye ujazo wa mita 22. Ukigawanya lori la 9,250,000 kwa thamani, pampu zinabebeshwa kama milioni 7.8. Kwa ujazo, kama milioni 2.5. Mabomba ndiyo yaliyojaza kontena, mabomba ndiyo yalipie. Anayegawanya kwa thamani huuza mabomba kwa bei ya chini akidhani yana faida, akashangaa kwa nini yanatoka haraka na benki hakuna kitu.

Bili ya lori ikichelewa usisubiri. Weka makadirio siku ya kupokea, kisha rekebisha. Kama hukukadiria na bili ya 9,250,000 imekuja baada ya pampu 120 kuuzwa, sehemu ya 5,550,000 iende kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa na 3,700,000 kwenye zile 80 zilizobaki. Ukiirundika yote kwenye 80, kila moja itapanda kwa zaidi ya laki moja bila sababu.

Kutoa mzigo, kisha ankara

Delivari noti itoke kwenye oda ya mauzo, na ankara itoke kwenye delivari noti. Mbarara aliagiza 60, lori limebeba 40: ankara ni ya 40, oda inabaki wazi kwa 20. Ukitoa ankara ya 60 na EFRIS ikakupa namba ya hati, huwezi kuifuta kimyakimya. Utaomba krediti noti (hati ya kupunguza ankara), ombi lipitie URA, na hadi likubaliwe VAT ya pampu 20 ni deni lako. Ndiyo maana idadi ithibitishwe gari likiwa limepakiwa, ndipo kitufe cha ankara kiguswe.

Nakala ya delivari noti irudi na sahihi, jina na tarehe. Kwa vipande vichache vinavyopelekwa Gulu kwa basi, risiti ya kifurushi ndiyo ushahidi. Ipige picha, iambatishe kwenye noti. Nauli ya kumpelekea mteja si gharama ya stoo. Ukimtoza, iwe mstari wa ankara wenye VAT. Ukiibeba mwenyewe, iende gharama za usambazaji, ikiwa na namba ya oda ili faida ya oda hiyo ionekane ilivyo.

Malipo

Mteja aliyeteuliwa na URA kuwa wakala wa kodi ya zuio atakata asilimia 6 ya bei kabla ya VAT kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1. Ankara itaonekana haijalipwa yote. Funga kiasi hicho kwa kukipeleka kwenye kodi ya zuio tunayodai, na usikifunge kabla ya kupata cheti. Malipo ya simu yaingizwe na namba ya muamala dhidi ya ankara husika. Ada ya mtandao iwe mstari wake, isipunguze mauzo.

Mwisho wa mwezi

Anza na bidhaa zilizopokelewa bila bili: chapa salio kwa kila LPO, na lolote lenye zaidi ya siku 30 lipigiwe simu. Upande wa krediti maana yake bili haijaja. Upande wa debiti maana yake umedaiwa zaidi ya ulichopokea, au mtu ameanzisha bili bila kupitia mapokezi. Kisha gharama zinazosubiri kugawanywa: kontena lililokwisha kushushwa lisiwe na salio humo. Kisha "Njiani": kilichomo kiwe na lori au meli unayoweza kuitaja kwa jina.

Fuata na oda za mauzo zilizokabidhiwa bila ankara, na ankara zisizo na delivari noti. Tafuta pia bidhaa yenye idadi hasi. Idadi hasi karibu kila mara ni mapokezi yaliyosahaulika au katoni iliyoandikwa kipande, na gharama iliyotolewa kwenye mauzo hayo ni ya kubahatisha hadi urekebishe tarehe ya mapokezi iwe kabla ya mauzo.

Mwisho, kabla ya tarehe 15 ya kuwasilisha VAT, pakua orodha ya ankara za EFRIS na uilinganishe na leja ya mauzo kwa namba ya hati, si kwa jumla. Jumla zinaweza kulingana kwa bahati mbaya. Ankara iliyopo kwenye leja na haipo EFRIS kwa kawaida ilikwama wakati mtandao umekatika, itumwe upya. Iliyopo EFRIS na haipo kwenye leja ilitolewa moja kwa moja kwenye tovuti na mtu wa mauzo aliyekuwa na haraka, na stoo yake haijapunguzwa. Iingize kupitia oda yake, na mwondolee ruhusa ya tovuti.